Fundi nguo, diwani, meya, mbunge: Andrew Johnson alipandaje?

Msomaji anauliza: “Nimesoma kwamba Andrew Johnson, rais wa 17 wa Marekani, alianza kama fundi cherehani, akawa diwani, kisha meya wa mji mdogo, kisha mbunge wa jimbo, na hakukanyaga darasa hata siku moja. Hizo kazi za mwanzo zilikuwa na uzito gani hasa? Meya alifanya nini, mbunge wa jimbo alilipwa kiasi gani, na mtu asiye na shule wala ukoo alipenyaje?”

Ndugu msomaji, tuanze kwa kunyoosha maneno mawili, maana tukiyaacha yalivyo yatakupotosha hadi mwisho.

La kwanza ni “fundi cherehani”. Dukani kwa Johnson hapakuwa na cherehani. Elias Howe alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1846, na wakati huo Johnson alikuwa ameshakaa miaka mitatu katika Kongresi kule Washington. Makoti yake yote yalishonwa kwa sindano ya mkono, mkasi, chaki na pasi nzito ya chuma iliyopashwa motoni. Jambo hili lina maana yake katika siasa, kama utakavyoona.

La pili ni “mbunge wa jimbo”. Kwa Mtanzania, mbunge wa jimbo ni yule aliyechaguliwa na eneo lake kwenda Bunge la nchi. Hapa sivyo. Tennessee ni mojawapo ya yale majimbo yanayounda Marekani, nalo lina katiba yake, gavana wake na bunge lake lenye nyumba mbili: Baraza la Wawakilishi na Seneti. Johnson alikaa katika nyumba zote mbili za bunge hilo, lililokutana Nashville, kabla hajafika Washington. Kwa hiyo nitasema “bunge la Tennessee”, na nitakapotaja Kongresi nitakuwa na maana ya bunge la nchi nzima.

Kuhusu shule, ulichosoma ni kweli. Alizaliwa Raleigh, North Carolina, tarehe 29 Desemba 1808. Baba yake alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu tu, na mama alikuwa mfuaji wa nguo za watu. Akawekwa mwanagenzi kwa fundi nguo James Selby, chini ya mkataba wa kumfunga hadi afikishe miaka 21. Katika mkataba wa namna hiyo fundi hulisha, huvisha na hufundisha kazi; mtoto halipwi mshahara wala hana ruhusa ya kuondoka. Mwaka 1824 Johnson na kaka yake William walitoroka. Selby akatangaza gazetini zawadi ya dola 10 kwa atakayewarudisha wote wawili, au dola hizohizo 10 kwa atakayemleta Andrew peke yake. Bila shaka alijua ni mkono upi ulikuwa na thamani. Fundi mwingine kumchukua mwanagenzi aliyetoroka kulikuwa ni kujitafutia kesi, ndiyo maana hakuweza kutulia North Carolina. Mwaka 1826 aliingia Greeneville, mji mdogo wa Tennessee Mashariki wenye watu mia chache, na mwaka uliofuata akamwoa Eliza McCardle. Aliyewafungisha ndoa alikuwa hakimu wa amani aitwaye Mordecai Lincoln, binamu wa baba yake Abraham Lincoln.

Utakutana mara nyingi na hadithi kwamba Eliza ndiye aliyemfundisha kusoma. Si sahihi. Kusoma alikujua tangu chumba cha ushonaji kule Raleigh. Mkewe alimsaidia kuandika vizuri na kufanya hesabu.

Sasa rudi kwenye sindano. Kushona kwa mkono ni kazi isiyo na kelele, inayoshika mikono na macho na kuacha masikio na ulimi vikiwa huru. Johnson alikuwa akiwalipa watu wamsomee magazeti na hotuba huku yeye anashona. Wateja na mafundi wenzake walikaa wakabishana, na duka likageuka baraza. Zaidi ya hapo alikuwa akitembea kama maili nne kwenda chuoni jirani kushiriki midahalo ya wanafunzi, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mwanafunzi. Kampeni za siku hizo zilifanywa kwa wagombea kusimama mbele ya watu, mara nyingi jukwaa moja, na kujibizana kwa saa nyingi. Aliyekuwa amezoea kubisha kila siku dukani aliingia jukwaani na mazoezi ambayo wanasheria wengi hawakuwa nayo.

Mwaka 1829 akachaguliwa diwani wa mji, na mwaka 1834 akawa meya.

Umeuliza uzito wa umeya. Kwa kweli ulikuwa mdogo. Mji wa Marekani wa wakati ule haukujianzisha wenyewe. Uliundwa kwa sheria ya bunge la jimbo, na ulikuwa na mamlaka yale tu yaliyoandikwa katika sheria hiyo. Kwa kawaida yalikuwa mambo ya karibu na pua: barabara za mjini na mitaro, visima, soko, nguruwe wanaozurura, hatari ya moto, ulevi na fujo barabarani, faini ndogondogo, na kodi kidogo ya kulipia hayo. Diwani na meya waliendelea na kazi zao za kila siku. Msomaji wa Tanzania amfikirie zaidi mwenyekiti wa halmashauri ya mji mdogo kuliko meya wa jiji, kisha amwondolee watumishi karibu wote.

Nguvu halisi ya serikali za mitaa ilikuwa kwenye kaunti, yaani eneo la utawala lililo chini ya jimbo, katika baraza la mahakimu wa amani. Hao ndio waliotoza kodi ya kaunti, kuamuru barabara na madaraja yajengwe, na kusimamia fedha za maskini. Na chini ya katiba ya kwanza ya Tennessee, ya mwaka 1796, mahakimu hao hawakupigiwa kura na wananchi. Waliteuliwa na bunge na kushika nafasi bila kikomo cha miaka. Meya angeweza kupendwa na kila mtu mjini, na bado asiwe na la kusema juu ya daraja lililo nje ya mpaka wa mji.

Hapo ndipo ilipo sehemu ambayo wasifu mwingi wa Johnson huiruka, nami naona ndiyo jibu la swali lako la tatu. Hupewi picha kamili ukiambiwa kwamba alikuwa na kipaji na bidii. Alikuwa navyo, lakini mlango wenyewe ulibadilishwa mwaka uleule alioupata umeya.

Katiba ya 1796 ilitaka mjumbe wa bunge la Tennessee awe na ekari zisizopungua 200 katika kaunti anayoiwakilisha. Fundi wa mjini mwenye kiwanja kimoja na duka alikuwa nje ya mchezo. Kodi ya ardhi nayo ilipangwa kwa ukubwa bila kutazama thamani: ekari 100 za bondeni zenye udongo mweusi zilitozwa sawa na ekari 100 za mlima wa mawe. Na kiwanja cha mjini, hata kikiwa cha hatua chache, kiliweza kutozwa hadi kiasi cha ekari 200. Hebu piga hesabu ukiwa mhunzi, seremala au fundi nguo: kibanda chako cha kazi kinaweza kulipa kodi sawa na shamba zima la jirani, na huyo jirani ndiye mwenye sifa ya kugombea.

Mkutano wa katiba ulikaa Nashville mwaka 1834, na wapigakura wakaipitisha katiba mpya Machi 1835. Sharti la ekari likafutwa: kwa Baraza la Wawakilishi ilitosha kuwa na miaka 21, kuishi Tennessee miaka 3 na katika kaunti mwaka 1, kwa Seneti, umri ulikuwa miaka 30. Kodi ya ardhi ikawekwa kwa thamani. Mahakimu wa amani wakaanza kuchaguliwa na wananchi kwa muhula wa miaka sita. Johnson aliiunga mkono katiba hiyo, na mtu wa kazi yake angewezaje kuipinga? Uchaguzi wa kwanza chini yake ulikuwa Agosti 1835. Yeye akiwa na miaka 26 akagombea na kushinda.

Lakini usiache nusu ya pili ya habari. Katiba ya 1796 iliruhusu kila mtu huru mwanamume kupiga kura, hivyo watu Weusi walio huru walipiga kura Tennessee kwa karibu miaka 40. Katiba mpya iliandika “mzungu huru”. Mlango uliofunguliwa kwa fundi nguo mzungu ulifungwa palepale kwa fundi nguo Mweusi. Waandishi wanaomsifu Johnson kama mtetezi wa mtu wa kawaida mara nyingi hawasemi ni mtu wa kawaida yupi.

Kiti alichoshinda 1835 kilikuwa cha kaunti mbili, Greene na Washington. Hili huwachanganya watu. Viti viligawanywa kwa idadi ya wapigakura. Kaunti ikiwa na watu wanaozidi kiti kimoja lakini hawatoshi viwili, ile ziada huunganishwa na ziada ya kaunti jirani, na kwa pamoja wanachagua mjumbe mmoja wa ziada. Mgombea wa kiti hicho alilazimika kutembea kaunti mbili nzima, jambo lililomfaa kijana aliyetaka jina lake livuke mpaka wa Greeneville.

Malipo nayo yaliandikwa katika katiba yenyewe kwa bunge hilo la kwanza: dola 4 kwa siku ya kikao, pamoja na dola 4 kwa kila maili 25 za kwenda na kurudi makao ya serikali. Kutoka Greeneville hadi Nashville ni takriban maili 250. Kwa hiyo nauli ilikuwa kama dola 40 kwenda na dola 40 kurudi. Kikao cha kawaida kilianza Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, mara moja tu kila miaka miwili, na kile cha 1835 kiliendelea hadi Februari 1836. Siku zikiwa zaidi ya 120, posho ilizidi dola 480. Kwa fundi nguo hizo hazikuwa fedha za kubeza. Ila toa chakula na malazi ya Nashville kwa miezi minne au mitano, toa pia nguo ambazo hazikushonwa dukani msimu wote wa baridi. Zaidi ya yote, kikao cha kawaida kilichofuata kilikuwa miaka miwili baadaye. Hakuna aliyeishi kwa ubunge huo. Ilibidi uwe na duka, shamba au kesi za mahakamani za kukulisha katikati.

Ndani ya bunge, muswada ulisomwa mara tatu katika siku tatu tofauti na kupitishwa kila mara katika nyumba ulikoanzia, ukahamia nyumba ya pili kwa safari hiyohiyo. Wawakilishi walikuwa 75, maseneta 25. Akidi ilikuwa theluthi mbili, siyo nusu kama mabunge mengi. Na gavana wa Tennessee hakuwa na kura ya turufu hadi katiba ya 1870: kilichopita katika nyumba zote mbili kilikuwa sheria, apende asipende. Ndiyo kusema mjumbe mmoja wa Nashville alikuwa na uzito kuliko tunavyodhania, na hakuwa na gavana wa kumlaumu baadaye.

Johnson aliuona ukweli huo haraka. Suala kubwa la 1835–36 lilikuwa reli na barabara za kulipia. Bunge lilipitisha mpango wa jimbo kununua theluthi moja ya hisa za kampuni za ujenzi, kwa fedha za mkopo. Johnson akapinga. Aliogopa deni na aliogopa kampuni zenye upendeleo wa kisheria. Husimuliwa pia kwamba alisema reli itawanyima riziki wenye magari ya farasi na nyumba za wageni njiani. Kwingine hoja ya deni ingesikika. Kwa watu wa Tennessee Mashariki ilikuwa kosa la hesabu. Wamezungukwa na milima, mito yao haina kina cha kutosha kwa mwaka mzima, na mahindi, nguruwe na bidhaa nyingine zilisafirishwa kwa taabu. Walitaka reli kuliko mtu yeyote jimboni. Mwaka 1837 wakamtoa, wakamchagua Brookins Campbell.

Kilichomrudisha 1839 hakikuwa kubadili msimamo tu. Ni msukosuko wa fedha wa 1837. Mabenki yalisimamisha malipo ya sarafu, mikopo ikakauka, na kampuni ya reli ya Hiwassee, iliyoanza kuchimba njia mwaka huohuo, ikaishiwa fedha kabla haijaweka reli. Mwaka 1840 bunge likaufuta mpango wa jimbo kununua hisa. Aliyeonekana mkaidi sasa akaonekana mwenye kuona mbali. Johnson na wapigakura waliomtoa, wote walikuwa na sehemu ya haki: reli ilipofika Greeneville mwaka 1858, ilibadilisha uchumi wa eneo kama wapigakura wa 1837 walivyotegemea.

Tahadhari moja kuhusu vyama. Ukiona orodha inayoandika “Democrat” mbele ya jina lake tangu 1829, usiiamini. Mwaka 1836 alimuunga mkono Hugh Lawson White wa Tennessee kwa urais, dhidi ya mgombea wa Democrat, Martin Van Buren. Aliporudi bungeni 1839 ndipo alipojifunga waziwazi na Democrat, na mwaka 1840 akamfanyia kampeni huyohuyo Van Buren. Vyama vya Tennessee vilikuwa bado vinachemka. Kumpachika mtu jina la chama mapema ni kosa la kawaida sana katika wasifu wa enzi hiyo.

Mwaka 1841 akaingia Seneti ya Tennessee kwa kaunti za Greene na Hawkins, na hapo likatokea jambo linaloonyesha bunge la jimbo lilikuwa chombo cha namna gani. Maseneta wa Marekani wakati huo hawakuchaguliwa na wananchi. Walichaguliwa na mabunge ya majimbo, na hali hiyo iliendelea hadi marekebisho ya 17 ya Katiba, mwaka 1913. Tennessee ilikuwa na viti viwili vya kujaza. Baraza la Wawakilishi lilikuwa mikononi mwa Whig, chama kilichoshindana na Democrat. Katika Seneti, Democrat walikuwa 13 na Whig 12. Desturi ilikuwa nyumba zote mbili zikae pamoja na kupiga kura, na zikikaa pamoja Whig walikuwa wengi kidogo. Democrat wale 13, Johnson akiwa miongoni mwa vinara wao, wakakataa kwenda kwenye kikao cha pamoja. Hapakuwa na sheria ya kuwalazimisha, kwa sababu kila jimbo lilijipangia namna ya kuchagua. Matokeo yake, kuanzia mwanzoni mwa 1842 hadi Oktoba 1843, Tennessee haikuwa na seneta hata mmoja Washington. Marafiki zao waliwaita “Kumi na Tatu Wasiokufa”. Whig waliwaita majina mengine. Wapigakura walitoa hukumu yao 1843: Whig wakashika nyumba zote mbili na kuwachagua Ephraim Foster na Spencer Jarnagin. Kongresi ilikuja kuziba pengo hilo kwa sheria ya Julai 1866, iliyoamuru nyumba za bunge zikutane pamoja zikishindwa kukubaliana kila moja kwake. Rais wakati huo alikuwa Johnson mwenyewe.

Katika Seneti hiyohiyo alipendekeza viti vya Tennessee katika Kongresi vigawanywe kwa kuhesabu wazungu tu, bila ile tatu kwa tano ya watumwa iliyoingizwa kwenye hesabu na Katiba ya Marekani. Msomaji wa leo anaweza kudhani hilo lilikuwa dongo dhidi ya utumwa. Halikuwa. Kaunti zenye watumwa wengi zilikuwa katikati na magharibi mwa jimbo, na hesabu hiyo iliziongezea viti; Johnson alitaka viti hivyo viende milimani kwao. Yeye mwenyewe alinunua watumwa, Dolly na ndugu yake Sam, mwanzoni mwa miaka ya 1840, na husimuliwa kuwa aliwaachia huru tarehe 8 Agosti 1863, siku ambayo bado huadhimishwa Tennessee.

Pendekezo lile halikupita, lakini ugawaji mpya ulifanyika. Sensa ya 1840 ilikuwa imepunguza viti vya Tennessee katika Kongresi kutoka 13 hadi 11, na mipaka ikachorwa upya. Eneo la kwanza, la kaskazini mashariki, lilimfaa Johnson. Akalishinda 1843 na kulishika miaka 10, mpaka Whig walipochora mipaka tena ili wamkoseshe kiti. Naye akahamia kwenye ugavana, akashinda 1853 na 1855. Mwaka 1857 bunge la Tennessee likamchagua seneta. Mengine unayajua: makamu wa rais, kisha rais baada ya Lincoln kuuawa Aprili 1865, kisha kesi ya kumwondoa madarakani mwaka 1868, aliponusurika kwa kura moja. Januari 1875 bunge lilelile la Nashville lilimchagua tena kwenda Seneti ya Marekani, rais mstaafu pekee aliyewahi kuingia humo. Alifariki Julai 31 ya mwaka huo.

Ukiendelea kusoma juu yake, utakuta miaka isiyolingana. Kumbukumbu moja itasema udiwani ulianza 1828, nyingine 1829. Kabla ya kudhani kuna uongo, tazama wanahesabu nini: siku ya kura, siku ya kuapa, au mwaka wa kwanza wa kikao. “1835–1837” mbele ya neno “mbunge” ni muhula. Kikao chenyewe kilikuwa cha miezi michache tu. Muda uliobaki alikuwa Greeneville, dukani, na kibao cha mbao kilichoandikwa “A. Johnson Tailor” kikiwa mlangoni. Duka hilo bado lipo, limefunikwa ndani ya jengo la matofali la hifadhi ya taifa, na ukifika utaliona lilivyo dogo.